Walimnyima Kiti kwa Sababu ya Vietnam

Wapo wenzetu ambao, kila wanapotaka kutuonyesha uzuri wa demokrasia ya Marekani, hukimbilia kisa cha Julian Bond wa Georgia. Husema: tazameni, kijana Mweusi alinyimwa kiti chake, akaenda mahakamani, majaji wakampa haki yake kwa kauli moja, naye akakaa katika Bunge la jimbo lake kwa miaka ishirini. Mnataka nini zaidi? Sisi tunataka kisa kizima. Hadithi hii ikianzia mahakamani inakuwa imekatwa kichwa, tena kwa makusudi, maana katika kichwa hicho ndimo ilimo Vietnam.

Bond alizaliwa Nashville mwaka 1940. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kuongoza Chuo cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo walichopitia Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe. Mwaka 1960 kijana huyu alikuwa miongoni mwa wanafunzi walioanzisha Kamati ya Uratibu ya Wanafunzi Wasiotumia Nguvu, iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, SNCC. Akawa mkuu wake wa habari na mhariri wa gazeti lake, kazi ambayo sisi wa kalamu tunajua kuwa humfunza mtu kupima neno kabla ya kulitoa. Mwaka 1964 alikuwa katika ujumbe wa Kamati hiyo uliokaribishwa Guinea na Rais Sékou Touré. Katika msafara huo alikuwamo pia Robert Moses, ambaye baadaye alikuja Tanzania kufundisha hisabati.

Mwaka 1965, baada ya mahakama kulazimisha majimbo ya uchaguzi ya Georgia yagawanywe upya kwa kufuata idadi ya watu, Bond alisimama katika eneo moja la mji wa Atlanta akashinda kwa zaidi ya kura nne katika kila tano. Alikuwa na umri wa miaka 25. Wapiga kura wake walikuwa watu wa kipato cha chini, na walijua vizuri walikuwa wanamtuma nani.

Sasa tuje penye kidonda. Tarehe 3 Januari, 1966, huko Tuskegee katika jimbo jirani la Alabama, Sammy Younge, mwanafunzi Mweusi aliyekuwa amelitumikia jeshi la wanamaji la nchi yake, alipigwa risasi akafa kwa sababu alitaka kutumia choo cha Weupe katika kituo cha petroli. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Tamko hilo lilisema kwamba serikali ya Marekani ilikuwa haisemi kweli ilipodai kuwajali watu wa Vietnam, kama ilivyokuwa haisemi kweli kuhusu uhuru wa watu wa Kongo, wa Afrika ya Kusini, wa Rhodesia na wa Marekani yenyewe. Liliwaunga mkono vijana waliokataa kwenda jeshini. Bond hakuliandika, lakini alipoulizwa kama anakubaliana nalo, alijibu kuwa anakubaliana nalo.

Hilo tu ndilo kosa lake. Hakuiba, hakupiga mtu, na alikuwa tayari kula kiapo cha kuitii Katiba. Tarehe 10 Januari, 1966, Baraza la Wawakilishi la Georgia lilipiga kura 184 dhidi ya 12 kumkatalia asiapishwe. Eti kiapo chake kisingekuwa cha dhati! Tangu lini wanasiasa wa Georgia wakawa wapimaji wa dhati ya mioyo ya watu? Watu wa eneo lake walirudi vituoni mwezi Februari wakamchagua tena. Akakataliwa tena. Novemba wakamchagua mara ya tatu. Mwaka mzima wa 1966 maelfu ya raia waliotoa kodi, na ambao watoto wao walikuwa wakiitwa kwenda vitani, hawakuwa na mtu wa kuwasemea katika chombo kile. Martin Luther King aliingia katika kesi hiyo kama mkazi wa eneo la Bond, yaani kama mwananchi aliyenyang'anywa mjumbe wake. King aliona lililo la msingi: aliyeporwa kwanza alikuwa mpiga kura.

Tarehe 5 Desemba, 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Bunge la jimbo linaweza kumtaka mjumbe ale kiapo, lakini halina mamlaka ya kuukagua ukweli wa kiapo hicho kwa kutazama maoni yake. Uamuzi huo ni mzuri na hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni na wale wanaoutumia kama sabuni. Mahakama moja ya chini ilikuwa imekwisha kusema kuwa Baraza lilikuwa na haki, na bila ukaidi wa watu wa Atlanta waliopiga kura mara tatu, kesi hiyo ingekuwa karatasi ya kuhifadhiwa makabatini.

Wala lisisemwe kuwa lilikuwa jambo la bahati mbaya, la siku moja. Septemba 1868 Bunge hilo hilo la Georgia liliwafukuza wajumbe wake Weusi, na iliwabidi wangoje hadi mwaka 1870 kurudishwa. Baada ya hapo mlango ulifungwa kidogo kidogo, na baada ya mwaka 1907 zaidi ya nusu karne ilipita bila mtu Mweusi hata mmoja katika Bunge hilo.

Ndugu wasomaji, litazameni na hili. Bond aliapishwa tarehe 9 Januari, 1967. Kesho yake Bunge la Georgia, likiwa na jukumu la kumteua gavana kwa kuwa hakuna mgombea aliyepata kura za kutosha, lilimteua Lester Maddox. Huyu ndiye mwenye mkahawa ambaye mwaka 1964 aliwafukuza wateja Weusi kwa bastola na mipini ya sururu, kisha akaona ni heri aufunge mkahawa kuliko kuitii sheria mpya ya haki za raia. Mtu aliyesema neno dhidi ya vita hakufaa kuwa mjumbe wa kawaida. Mtu aliyeishika sheria kwa mpini wa sururu alifaa kuwa mkuu wa jimbo.

Mwaka 1968, kwenye mkutano wa chama cha Democratic huko Chicago, Bond aliongoza kundi lililopinga ujumbe uliopangwa na watu wa Maddox, likapata sehemu ya viti. Huko huko jina lake likapendekezwa kwa nafasi ya makamu wa rais. Alijitoa, kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na sheria inataka 35. Magazeti yalishangilia. Kwa maoni yetu sifa hizo zilimdhuru kidogo, kwani alipata kuwa mhadhiri aliyetafutwa nchi nzima, na walikuwapo Georgia waliolalamika kuwa kiti chake mara nyingi kilikuwa kitupu. Hatuwezi kusema kuwa malalamiko hayo yote yalikuwa ya chuki.

Lakini kazi yake kubwa aliifanya katika Seneti ya jimbo, alikoingia mwaka 1975. Majimbo ya Bunge la nchi yalipogawanywa upya baada ya sensa ya 1980, yeye ndiye aliyepigania eneo la Atlanta liwe na Weusi wengi kwa uwazi. Wakubwa wa Bunge walikataa. Mwaka 1982 mahakama ya Washington iliukataa mpango wao, ikaandika bila kupepesa kwamba mwenyekiti wa kamati ya ugawaji katika Baraza alikuwa mbaguzi wa rangi. Eneo lilirekebishwa.

Mwaka 1986 kiti hicho kilipoachwa wazi, Bond alikigombea. Mpinzani wake akawa John Lewis, rafiki na mwenzake wa SNCC, waliyekwenda pamoja Guinea. Duru ya kwanza Bond aliongoza. Katika ya pili Lewis alimtaka hadharani wapimwe wote wawili kama wanatumia madawa ya kulevya, Bond akakataa, na habari za Vietnam, nyumba na kazi zikafunikwa na habari za mkojo. Wengi wa Weusi walimpigia Bond. Lewis alishinda kwa tofauti ndogo, akibebwa na kura za Weupe. Januari 1987 Lewis akaingia Washington, na Bond, aliyekiacha kiti chake cha Seneti ili agombee, akatoka katika siasa za kuchaguliwa asirudi tena.