Ndege Ikirudi, Kazi Isirudi Nyuma

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Tukuyu kwa kazi ya kanisa hana ndege ya kumfikisha mlangoni. Ndege humshusha Songwe, magharibi ya mji wa Mbeya. Kutoka hapo hushika barabara, akapita Mbalizi na Mlima Iwambi, akakata kona Uyole, akapanda mpaka kwenye baridi ya Isongole chini ya Mlima Rungwe, ndipo ateremke Tukuyu. Wenyeji wa huko wamezoea kupokea wageni wa namna hii: wainjilisti, wanakwaya, madaktari na wauguzi waendao hospitali za Igogwe na Itete, na mafundi waliojitolea kujenga darasa au kuezeka kanisa. Wamezoea pia kupokea habari isiyopendeza, kwamba ndege ilifika juu ya Songwe, haikuiona ardhi, ikarudi ilikotoka.

Twapenda leo kusema neno juu ya habari hiyo, kwa maana twaona wasafiri wengi hawajui waipokeeje. Wako wanaomgeukia mfanyakazi wa uwanjani na kumtukana kana kwamba yeye ndiye aliyeutandaza ukungu. Wako wanaodai kwamba rubani ni mwoga. Na wako, nao ndio wanaotutia huzuni zaidi, wanaofunga mizigo yao na kurudi nyumbani wakisema kwamba Mungu ameifunga njia.

Huenda msomaji akauliza, gazeti la Chama lina neno gani katika safari za kanisa? Tunalo. Serikali yetu haina dini, lakini wananchi wake wana dini zao, na hospitali, shule na visima vinavyopatikana kwa juhudi za waumini humhudumia kila mwananchi bila kumwuliza anaabudu wapi. Tena yampatayo mjumbe wa kanisa pale Songwe humpata pia katibu wa Chama, mwalimu, mfanyabiashara wa parachichi, na mgonjwa anayepelekwa Muhimbili. Jambo hili ni letu sote.

Kwanza hatuna budi kuuelewa ukungu wenyewe. Usiku, mawingu yanapotawanyika, ardhi hupoa upesi, na hewa yenye unyevu iliyolala juu yake hupoa pamoja nayo. Mvuke hugeuka kuwa matone madogo mno yanayoelea hewani. Jua likipanda, ardhi hupata joto na ukungu huinuka. Ndiyo sababu ndege ya asubuhi hushindwa kutua mahali pale pale ambapo ndege ya mchana hutua bila taabu. Nyanda zetu za juu ni nchi ya unyevu mwingi. Katika milima ya Rungwe mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hizo ndizo zinazotupa chai, ndizi, viazi na maziwa. Hatuwezi kuzisifu mbingu siku ya mavuno, kisha tukazitukana siku ya safari.

Na rubani je? Sheria za urubani zimemwekea kimo ambacho haruhusiwi kushuka chini yake mpaka auone uwanja au taa zake. Akifika kimo hicho bila kuona kitu, lazima apae tena. Aweza kuzunguka angani akingoja kwa muda, lakini mafuta aliyonayo yamepimwa: sehemu ya kumfikisha aendako, sehemu ya kumpeleka uwanja mwingine endapo atashindwa kutua, na sehemu ya akiba. Yakikaribia kubaki yale ya kumpeleka uwanja mwingine tu, hana ruhusa ya kubahatisha. Kugeuza kwake ndege si woga wala si uvivu, bali ndiyo kazi yenyewe aliyofundishwa na anayolipwa mshahara kuifanya. Wazee walisema "kawia ufike," nao hawakuwa wamepanda ndege.

Tunayo sababu ya kulisema neno hili kwa uzito. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ndani ya Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa. Watu 24 waliokoka, na miongoni mwa waliowahi kuwafikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi yao. Hapa hatugawi lawama, kwa kuwa uchunguzi wa ajali una wataalamu wake. Twasema hivi tu, kwamba baada ya siku ile hapana Mtanzania mwenye haki ya kukasirika pale rubani anapoona hali ya hewa haimridhishi na kuwarudisha abiria salama. Saa sita za kungoja kwenye benchi hazilingani na msiba wa nyumba moja.

Lakini kukubali kwamba ndege imerudi si kukubali kwamba kazi nayo irudi. Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema njia imefungwa. Kama kila kizuizi kingehesabiwa kuwa amri ya kugeuka, Rungwe isingekuwa na kanisa la kutembelewa.

Tukumbuke jinsi kazi hiyo ilivyoanza. Wamoravian wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walitumwa kutoka Ujerumani, wakafika Rungwe mwaka 1891. Hawakupitia Dar es Salaam. Walizunguka kwa meli hadi Quelimane katika pwani ya Msumbiji, wakapanda mto Zambezi na mto Shire kwa mashua, wakavuka ziwa Nyasa hadi Karonga, kisha wakapanda milimani kwa miguu. Maporomoko ya Shire hayapitiki kwa chombo. Basi mahali pale mizigo yote ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika. Wapagazi hao hawakuandikwa katika vitabu kama walivyoandikwa wamisionari, lakini bila mabega yao hata sanduku moja lisingefika. Georg Martin alikufa kwa homa mwaka ule ule. Walionusurika walifanya kazi mpaka mwaka 1897 ndipo walipombatiza mtu wa kwanza, mwanamke aliyeitwa Fiabarema. Huo ulikuwa ungojeaji wa miaka sita, na mwananchi wa leo anakata tamaa kwa siku moja!

Wala tusidhani kwamba uvumilivu ulikuwa wa wageni peke yao. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yalipoiteka nchi ya Rungwe, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kupelekwa kizuizini. Hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka yote hiyo walimu na wazee wa Kinyakyusa ndio waliokusanya watu Jumapili, wakafundisha watoto kusoma na kuzika wafu. Walikosa fedha, lakini kazi haikukosa wenyewe. Kama kazi iliweza kudumu miaka kadhaa bila wageni, hakika yaweza kudumu siku mbili mpaka wageni wapatikane.

Hata nchi tajiri hazina mamlaka juu ya anga. Mwezi Aprili mwaka 2010, volkano moja ya Iceland ilitoa majivu yaliyofunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku zipatazo sita, na safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa. Nasi wenyewe twakumbuka mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani: ndege za abiria kutoka nje zilizuiwa tangu tarehe 12 Aprili, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Wageni wengi wa makanisa walibaki kwao. Hospitali za misheni hazikufunga milango; wauguzi wetu waliendelea na zamu zao.

Hata hivyo, tusije tukaligeuza neno "subira" kuwa blanketi la kufunika uzembe. Iko subira tunayodaiwa kwa mambo ya mbinguni, na haiko subira tunayodaiwa kwa makosa ya wanadamu. Mbeya si mgeni wa ndege. Mwaka 1932 ndege za Waingereza zilipoanza safari za London hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa kimojawapo cha vituo vyake. Lakini ndege hizo zilikuwa za wakubwa na barua zao. Mwananchi alingoja mpaka Desemba 2012 uwanja wa Songwe ulipoanza kazi, wenye njia ya kurukia inayozidi kilomita tatu, kuchukua nafasi ya ule mdogo wa zamani mjini Mbeya. Na hata Songwe, kwa miaka mingi baada ya kufunguliwa, ilifanya kazi bila taa za kuongoza ndege. Wananchi walisema, viongozi wao wakasema, na taa zikatafutwa. Hilo ni fundisho: ukungu haufukuzwi kwa azimio, lakini taa, mitambo na wataalamu wa hali ya hewa hupatikana kwa watu kudai na Serikali kutenda. Basi wanaohusika na viwanja vyetu waendelee, wasilale.

Kampuni za ndege nazo zina wajibu wao. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao unasema kwamba katika safari za kimataifa kampuni huwajibika kwa hasara inayotokana na ucheleweshaji, isipokuwa ikithibitisha kuwa ilichukua kila hatua iliyowezekana kuizuia. Hatua ya kwanza kabisa haihitaji fedha: ni kumwambia abiria ukweli, mapema, kwa Kiswahili anachokielewa. Abiria aliyeambiwa, "Songwe kuna ukungu, tutajaribu tena saa nane," aweza kumpigia mwenyeji wake na kupumzika. Abiria aliyeachwa bila habari hugeuka simba. Wala si haki kumwacha karani mmoja wa kike dirishani akabiliane na watu mia waliokasirika, huku wakubwa wake wamejifungia ofisini. Mfanyakazi huyo ni ndugu yetu. Hakupanga ratiba, wala hakuumba hali ya hewa.

Kwa viongozi wa makanisa wanaopanga safari hizi twatoa mashauri machache. Msipange mkutano, ubatizo au upasuaji siku ile ile ya kuruka. Acheni siku nzima katikati. Katika majira ya mvua chagueni ndege ya mchana kuliko ya alfajiri, ikiwa ipo. Dawa na vifaa visiwekwe vyote katika ndege moja. Sehemu itangulie kwa gari, ili ndege ikichelewa kazi ianze na kilichopo. Na ndege ikishindwa kabisa, barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya, yenye kilomita zaidi ya 800, bado ipo. Ni ndefu na inachosha, lakini inafika.

Hapo tena twatoa onyo. Anayeshushwa Songwe jioni, amechelewa, asimhimize dereva akimbize gari usiku kufidia saa alizopoteza. Mteremko wa Iwambi umekwisha kuua watu wengi, na njia ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu ina kona, malori na ukungu wake wenyewe. Itakuwa aibu gani kwa mtu aliyeokolewa na subira ya rubani kuuawa na haraka yake mwenyewe! Alale Mbeya, aamke, aende.

Neno letu la mwisho ni kwa habari ya wenyeji. Mgeni aliyekwama uwanjani hujiona kuwa yeye ndiye aliyepata taabu. Asiwasahau akina mama wa Tukuyu waliokata ndizi na kukesha jikoni, vijana wa kwaya walioomba ruhusa kazini, mkulima wa chai aliyeacha kuchuma siku hiyo akapoteza ujira wake, na mgonjwa aliyetembea tangu usiku kwa kuwa aliambiwa daktari anakuja. Hao nao wanangoja, na hawapewi chakula na kampuni yoyote. Deni la msafiri ni kwao. Akirudi nyumbani na kusema njia imefungwa, amewafungia wao njia. Akifika kesho yake au keshokutwa, kwa ndege au kwa basi, mavumbi mpaka kwenye nyusi, wataweka ndizi upya motoni na kumwambia "ndaga fijo," ahsante sana.

Basi na tushike mambo matatu. Tumheshimu rubani anayerudi kwa usalama wetu. Tuwadai wenye dhamana watimize lililo katika uwezo wa binadamu. Na sisi wenyewe, tukiisha kutoa ahadi kwa watu, tuitimize, hata kama tutafika tumechelewa na tumechoka. Mvumilivu hula mbivu. Lakini mbivu hizo hazimfuati aliyegeuka njiani.