Sifa ya Mwadui

Neno sifa limezoeleka mno katika hotuba zetu hata tumesahau lilikotoka. Ni neno la Kiarabu, la asili moja na wasifu, na maana yake ya kwanza si kutukuza bali kueleza kitu kilivyo. Sisi tuliopitia chuoni tulifundishwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu kabla ya kujua kwamba Waarabu hukiita kivumishi kwa neno hilohilo. Mpaka leo tangazo la kazi hutaja sifa za mwombaji, na mtu huweza kuwa na sifa mbaya. Kama sifa ingekuwa pongezi tu, kauli hiyo isingewezekana.

Mfano upo Mwadui. Almasi ghafi haipati bei mpaka wajuzi waandike sifa zake: uzito, rangi, usafi na umbo. Ndugu zetu wa Visiwani, ambao karafuu zao hupangwa madaraja kabla ya kulipwa, hawana haja ya kuelezwa zaidi. Mwaka 1947 lilichimbwa Mwadui jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo Williamson, Mkanada aliyeanzisha mgodi, alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Jiwe likavuma duniani kwa jina la Williamson. Jina la Mwadui halikutiwa.

Mwaka 2017 Serikali ilizuia Dar es Salaam shehena ya almasi za mgodi huo, karati 71,000 na ushei, ikidai thamani iliyoandikwa ilikuwa pungufu. Kampuni ilikanusha. Lakini ubishi wenyewe ulikuwa juu ya sifa: nani aeleze, na nani amhakiki anayeeleza?

Basi Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ukapasuka, na tope likaingia katika makazi na mashamba ya wanavijiji wa Kishapu. Hiyo nayo ni sifa ya Mwadui. Hapo ndipo tunapotofautiana na wale watumishi wa umma wanaodhani kwamba kuutaja mkasa huo ni kuuchafulia mkoa jina. Mkulima aliyefunikiwa shamba hachafui jina la mtu, anaeleza.

Tunataka taarifa ijayo ya Mwadui iseme hali ya kingo za bwawa na ya mashamba yale, katika ukurasa uleule wenye hesabu ya karati.