Hiyo Springi Itaumiza Mtu, na Huyo Mtu Si Landilodi

Wacha niseme tu, halafu mnijie kwa komenti: kumtuma kijana wa mkono apande ngazi na bisibisi akafungue springi ya shata si kumpa kazi. Ni mtu mzima mwenye pesa amekataa kulipa fundi anayejua, na kijana ndiye analipa hiyo tofauti kwa vidole vyake.

Na kila mtu anaona ni sawa. Mwenye duka anaona sawa, wapita njia wanaona sawa, hata kijana mwenyewe anasema ni kujituma. Mimi sioni sawa.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wasee wengi wanadhani shata ni mabati na kufuli. Asubuhi unaiinua kwa mkono mmoja, inapanda, unajiona una nguvu. Hauna. Mlango wa chuma wa duka au wa gereji unaweza kufika kilo 80, 100 au zaidi. Wewe unainua kilo chache tu. Zingine zote zimebebwa na springi. Kwa shata, hiyo springi imefichwa ndani ya ile bomba ya juu ambayo mlango unajikunja juu yake. Kwa milango ya gereji ya vipande, ile iko kwa nyumba za kisasa na paking za apatimenti, mara nyingi springi iko wazi juu ya mlango, imevalishwa kwa mhimili wa chuma.

Ukishusha mlango, springi inajikaza. Ukiinua, inaachilia ule mkazo na kukusaidia. Kwa hivyo usiku duka limefungwa na kila kitu kimetulia, ndio springi imekazwa zaidi. Na usidanganyike ati shata ikiwa juu springi imelala. Bado ina mkazo, kwa sababu fundi aliizungusha mara kadhaa kabla ya kuifunga hapo. Ukilegeza bolti bila mpango, huo mkazo wote unatoka mara moja. Spana iliyokuwa imeshika mhimili inazunguka kama feni, na wewe uko juu ya ngazi, uso wako uko hapo karibu.

Sasa, springi huchoka. Hii si bahati mbaya, ni hesabu. Springi ya kawaida ya mlango wa gereji ya nyumba hutengenezwa kwa takriban mizunguko 10,000, na kufungua na kufunga ni mzunguko mmoja. Nyumba inayofungua mlango mara nne kwa siku itaitumia karibu miaka saba. Lakini chukua apatimenti yenye magari 20 chini. Kila gari likitoka na kurudi mara moja, hiyo ni mizunguko 40 kwa siku. Gawanya 10,000 kwa 40: siku 250. Miezi minane tu! Springi za mizunguko 25,000 mpaka 100,000 zipo. Lakini landilodi anaweka ile ya nyumba ya familia moja, inakatika, anaweka nyingine kama hiyo, inakatika tena, halafu anasema "hawa wapangaji wanaharibu mlango."

Na haifi bila kukuonyesha dalili. Mlango unaanza kuwa mzito. Unauacha katikati, unashuka wenyewe, wakati mlango ulio sawa unafaa kukaa hapo hapo ulipouacha. Unapanda ukiwa umeegemea upande mmoja. Waya wa pembeni umelegea. Ukiangalia springi unaona kutu imekula, au pengo mahali imekatika. Kama mlango una mota, usiseme "mota iko sawa, inaivuta tu." Mota haikuwekwa kubeba mlango mzima. Ikifanya kazi ya springi, itaungua au itaachia mlango.

Sisi tunafanya nini tukiona hizo dalili? Tunaweka ubao. Mnajua huo ubao. Mtaani kwetu kuna shata inashikiliwa na kipande cha mbao kutoka asubuhi mpaka jioni, na wateja wanapita chini yake wakinunua kredo. Watoto wanapita hapo wakitoka shule. Wengine wanapaka oili chafu kwa springi ndio "ilainike." Mafuta yanasaidia kwa kelele na kutu. Springi iliyochoka haipati nguvu kwa sababu umeipaka mafuta.

Halafu siku inakatika kabisa, ndio mtu anaitwa. "Kuja hapa, nikupatie mia tano, upande uangalie." Kijana ana miaka 19, hajala tangu jana, atasema nini?

Sikilizeni vile kazi inafaa kufanywa, ndio mjue bei mnayokwepa ni ya nini. Kwa mlango wa gereji wa springi ya juu: umeme wa mota unazimwa kwanza. Mlango unashushwa na kubanwa kwa reli usisonge. Springi ambayo bado haijakatika inalegezwa polepole kwa vyuma viwili imara vinavyoingia sawasawa kwa matundu ya kichwa cha springi. Vyuma viwili, si kimoja, kwa sababu kimoja kinabaki kimeshikilia kila wakati ukihamisha kingine. Unaenda robo mzunguko, robo mzunguko. Mlango wa futi 7 kwa kawaida unahitaji karibu mizunguko saba na nusu, kumaanisha robo 30. Hiyo ni mara 30 ambazo chuma kinaweza kuteleza. Ndio maana fundi anasimama kando, hakai mbele ya vile vyuma, na anavaa miwani ya kukinga macho. Na ndio maana bisibisi si chombo cha hiyo kazi. Haijazi tundu, inapinda, inachomoka, na ikichomoka haianguki chini. Inarushwa.

Springi mpya nayo haichaguliwi kwa macho. Inapimwa unene wa waya, upana wa ndani, urefu, na upande inaozungushwa, kushoto au kulia. Kama mlango una mbili na moja imekatika, zinabadilishwa zote mbili, kwa sababu zimezeeka pamoja. Shata nayo ni ngumu zaidi kwa sababu springi iko ndani ya bomba: ule mhimili lazima ufungwe usizunguke kabla mtu hajagusa bolti zake, na mara nyingi hiyo bomba nzito inashushwa yote. Hiyo si kazi ya mtu mmoja juu ya ngazi ya kuazima.

Najua majibu yenu, kwa hivyo tuyamalize.

"Nimefanya hii kazi miaka kumi na sijawahi kuumia." Hongera buda. Springi haihesabu miaka yako. Na wale walioumia hawako kwa ngazi, so hatusikii upande wao.

"Kuna video, inachukua dakika moja." Hapa naongea na nyinyi wenzangu wa kutengeneza video. Ukikata dakika 50 za kujiandaa ukabakisha dakika moja ya kuzungusha, na muziki juu, umefundisha watu kitu nusu. Mtoto wa Form Four anatazama kwa simu, babake amesema gereji imekwama, na ni bisibisi ndio iko kwa nyumba. Unataka laiki, sawa, kila mtu anataka. Lakini onyesha ile sehemu inachosha, ama uache hiyo mada.

"Mafundi wote ni jua kali tu, hakuna mwenye cheti." Mimi sijaomba cheti. Jua kali ya Kamukunji na Kariobangi imetengeneza nusu ya vyuma vya hii Nairobi. Uliza fundi maswali matatu tu: utazuia mlango usisonge na nini? Utakaza springi na nini? Hiyo springi mpya umeipimaje? Akijibu "tutaona," "bisibisi" na "zote ni sawa," mshukuru na umuage.

"Hakuna pesa." Hili ndilo jibu la ukweli kuliko yote, na simcheki mama wa duka anayelisema. Siku moja bila kufungua inauma. Lakini dalili huanza mapema, na kuanza kuweka mia mia mlango unapoanza kuwa mzito ni rahisi kuliko kutafuta elfu kadhaa siku umekwama. Na wewe mpangaji, soma mkataba wako kabla ya kuchanga. Mara nyingi mlango ni wa jengo, na kodi unalipa kila mwezi. Landilodi anayejua tarehe ya kodi anaweza pia kujua tarehe ya kukagua springi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa anairipoti kwa msimamizi, na hafai kulazimishwa kurudi hapo kabla hatari haijaondolewa. Ile ya fidia ya majeraha ya kazini, WIBA, pia ya 2007, inamhesabu hata mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Kwa hivyo ukimwambia kijana "si wewe bado unajifunza tu," hujajitoa kwa shida. Najua sheria haipandi ngazi pamoja na mtu. Lakini mwenye duka akijua kijana anaijua, mazungumzo yanabadilika.

Sasa kama wewe ndiye huyo kijana, na najua mko wengi mnasoma hii, hakuna uoga kwa kusema: "Boss, leta vyuma vya saizi, tuzuie mlango, na tuwe wawili. Bila hivyo sipandi." Atakuita mwoga. Atasema kuna mwingine atafanya kwa mia tatu.

Na ukweli ni kwamba huyo mwingine yupo. Ndio maana naomba mumtumie hii pia, ndio naye aseme hivyo hivyo, mpaka huyo boss akose wa kutuma na apigie fundi simu.