Msinuniane kwa ajili ya koki!

Mwezi huu tunaingia bafuni. Tulia, siyo ile mada unayoifikiria! Mishumaa na maua ya waridi tuyaweke pembeni kwanza. Leo ni koki, mipira na mabomba, maana nimeona ndoa changa ikiyumba kwa sababu ya vitu hivyo hivyo.

Rafiki yangu mmoja na mkewe walihamia fleti yao ya kwanza pale Sinza. Bomba la mvua lipo, sinki refu la kuogea lipo, maisha safi. Mwezi wa pili ankara ya maji ikapanda. Jamaa akamwambia mkewe, "Wewe unakaa sana bafuni." Bibie naye hakukubali: "Na wewe unayenyoa ndevu koki ikiwa wazi je?" Wakanuniana wiki nzima. Kumbe mchawi alikuwa koki ya lile sinki. Ilikuwa inachuruzika kimya kimya usiku kucha, maji yanaishia kwenye tundu la chini, asubuhi hakuna anayejua.

Hebu tupige hesabu. Weka glasi ya robo lita chini ya koki inayovuja. Ikijaa kwa dakika 5, hiyo ni lita 3 kwa saa na lita 72 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 2,160, yaani madumu 108 ya lita 20! Uniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo mnalipia zaidi ya uniti mbili ambazo hakuna aliyezioga.

Mara nyingi dawa yake ni kampira kadogo tu. Koki ya kuzungusha ina mpira ndani unaobanwa ili kuziba njia ya maji. Ukiwa na tabia ya kukaza kama unafunga nati ya gurudumu, mpira unaliwa haraka. Funga koki kuu ya maji, fungua kichwa cha koki, toa mpira wa zamani na uende nao dukani ukapate wa saizi ile ile. Zile koki za kisasa za kunyanyua kwa mkono mmoja mambo yake ni tofauti: ikivuja, kwa kawaida unabadilisha kile kidude chote cha ndani.

Na hiyo koki kuu, je, unajua iko wapi? Mwenzako anajua? Bomba likipasuka saa nane usiku na fundi hapokei simu, hiyo ndiyo itakayookoa kapeti lenu na dari ya jirani wa chini. Leo jioni nendeni wote wawili mkaitafute, muifunge na kuifungua kuhakikisha haijaganda.

Tuje kwenye kile kitufe cha kuvuta kwenye bomba la sinki. Kazi yake ni kuziba njia ya chini ili maji yapande juu kwenye shawa. Ukikivuta na maji mengi bado yanamwagika chini, usilaumu tangi. Mpira wa ndani ya kitufe umechoka.

Shawa ikitoa maji ya kudondoka tu, angalia mambo mawili. Kwanza, vitundu vyake. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe unaoviziba. Kifungue kichwa, kilaze usiku mzima kwenye siki, asubuhi kisugue kwa mswaki wa zamani. Pili, kimo cha tangi. Maji yanayoshuka yenyewe hupata presha ya baa 1 kwa kila mita 10 za kimo. Tangi likiwa mita 3 tu juu ya shawa, una baa 0.3. Ndiyo maana ile shawa pana uliyoiona kwenye hoteli ya kifahari, ukiifunga kwako bila pampu, inakulilia machozi.

Harufu je? Chini ya sinki na chini ya sakafu kuna bomba lililopinda kama herufi U. Pale hubaki maji kidogo yanayozuia hewa chafu ya shimo isirudi ndani. Bafu la wageni lisipotumika kwa wiki kadhaa, maji hayo hukauka na harufu inapanda. Mwaga ndoo ya maji, kwisha kazi. Bafu linalotumika kila siku likianza kutuamisha maji, inua kile kichujio utoe nywele na mabaki ya sabuni kabla hujakimbilia dawa kali.

Sasa tuache utani. Kama mnatumia shawa ya umeme, nisikilize vizuri. Nyingi hula wati 5,000 hivi, ambazo kwa volti 230 ni karibu ampea 22. Haifai kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Inahitaji waya wake mnene, swichi yake na waya wa ethi uliofungwa kweli. Kama unapogusa koki unahisi "inang'ata", usicheke wala usivae kandambili ukaendelea kuoga. Zima kwenye swichi kuu, mwite fundi umeme mwenye leseni, na muoge kwa ndoo hadi amalize. Mpenzi wako anaoga hapo kila siku, kwa hiyo usimwambie "ndivyo ilivyo."

Na wale wa Sinza? Bibie ndiye aliyegundua, alipolala na chombo chini ya koki na kukikuta kimefurika. Akanunua mpira, akaubadilisha mwenyewe, kisha akamwita mumewe aje asikilize kimya. Jamaa aliomba msamaha palepale mlangoni.

Kwa hiyo ankara ikipanda, kabla hujamshutumu mwenzako, weka glasi chini ya koki. Tukutane mwezi ujao!