Cate Blanchett: Mwana wa Jukwaa

Aghalabu umaarufu wa waigizaji wa Hollywood huelezwa kwa maneno mawili: sura na bahati. Maelezo hayo ni mepesi mno, na yanapomhusu Cate Blanchett, yanapotosha. Mwigizaji huyu, aliyezaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1969, alilelewa na jukwaa kabla ya kujulikana na kamera.

Aliyaacha masomo ya uchumi na sanaa katika Chuo Kikuu cha Melbourne, akajiunga na taasisi ya kitaifa ya sanaa za maigizo mjini Sydney, NIDA, alikohitimu mwaka 1992. Huko alikuwa akifanya mazoezi ya kuigiza Clytemnestra katika tamthilia ya Sophocles, Electra, ndipo mwigizaji wa nafasi kuu akajiondoa. Blanchett akapewa nafasi hiyo. Yaani alitoka katika moyo wa mama, akaingia katika moyo wa binti anayemchukia mama huyo huyo! Mafunzo ya namna hiyo hayapatikani mbele ya kamera. Mwaka 1993 alishirikiana na Geoffrey Rush katika Oleanna ya David Mamet, tamthilia yenye wahusika wawili tu, ambamo mwigizaji hana pa kujificha.

Wengi huanza kusimulia safari yake katika filamu ya Elizabeth (1998), iliyoongozwa na Shekhar Kapur wa India, kana kwamba malkia yule alizuka usiku mmoja. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, ikamwendea Gwyneth Paltrow. Aliipata kwa The Aviator (2004), alipomwigiza Katharine Hepburn kwa kuinasa lafudhi yake barabara. Kabla yake, hapakuwa na mwigizaji aliyepata Oscar kwa kumwigiza mwigizaji mwingine aliyeipata.

Hoja yenyewe inadhihirika zaidi mwaka 2008. Akiwa katika kilele cha umaarufu, alirejea nyumbani, na pamoja na mumewe, mwandishi wa tamthilia Andrew Upton, akashika uongozi wa kisanaa wa Sydney Theatre Company. Je, huko kulikuwa kushuka? La hasha! Mwaka 2009 aliigiza Blanche DuBois katika A Streetcar Named Desire ya Tennessee Williams, chini ya uongozi wa Liv Ullmann, mjini Sydney, kisha Washington na New York. Miaka minne baadaye ikatoka Blue Jasmine (2013), kisa cha mwanamke aliyefilisika, anayekimbilia kwa dada yake akiwa amejifunika uwongo. Amjuaye Blanche atamtambua Jasmine mara moja. Kwa nafasi hiyo Blanchett alipata Oscar ya mwigizaji mkuu wa kike.

Pingamizi moja lina uzito. Blanchett alizaliwa katika Kiingereza, lugha ya soko kubwa la filamu, na baba yake alikuwa Mmarekani. Wapo waigizaji wa jukwaa wenye kipaji kisichopungua chake ambao lugha yao haikuwafungulia mlango huo. Hili halikanushiki, na wahakiki hulipuuza mno. Hata hivyo, lugha hufungua mlango tu. Haimweki mtu ndani kwa miongo mitatu. Kwa ajili ya Tár (2022), akiwa na umri wa miaka hamsini na ushei, Blanchett alijifunza Kijerumani na namna ya kuongoza okestra.