Shetani Hakukupitia

Wako Wakristo wanaoamini kwamba kumtaja shetani katika maongezi ni kumkaribisha nyumbani. Ukisema bosi wako leo kapandwa na mashetani, aliye karibu nawe anadakia: "Ashindwe!" Watoto wanakatazwa misemo hiyo, na wahubiri wanaonya kwamba ulimi huponza.

Imani hii haina mizizi katika Maandiko. Yesu alimtaja Shetani waziwazi. Katika mfano wa mpanzi alisema ndiye anayekuja kuliondoa neno lililopandwa (Marko 4:15), na alipomkemea Petro alimwita kwa jina hilohilo (Mathayo 16:23). Ikiwa kulitamka ni dhambi, basi hata kuisoma Injili kwa sauti ni dhambi.

Kinachoniuma ni kwamba tunakemea maneno yasiyomdhuru mtu, huku msemo mmoja wenye sumu ukipita makanisani bila kuulizwa: "Shetani alinipitia."

Mweka hazina amekula michango ya ujenzi: shetani alimpitia. Mume amempiga mkewe hadi akalazwa: shetani alimpitia. Mwalimu wa kwaya amempa mimba mwanafunzi: naye shetani alimpitia. Wazee wanakaa kikao, wanamwombea, yameisha. Aliyeibiwa, aliyepigwa na binti aliyekatishwa masomo wanaambiwa wasamehe, kana kwamba mkosaji naye alionewa.

Udhuru huu ni mkongwe. Katika Mwanzo 3, Adamu alimsukumia Hawa lawama, Hawa akamsukumia nyoka. Mungu aliwasikiliza, kisha akamhukumu kila mmoja kwa lake.

Tena somo lililo wazi kuliko yote liko katika 1 Mambo ya Nyakati 21. Hapo Biblia yenyewe inasema Shetani alimshawishi Daudi kuwahesabu Waisraeli. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema alipitiwa, ni huyo mfalme. Hakusema. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyetenda dhambi, na tauni ilipoua watu 70,000 akaomba adhabu imwangukie yeye na jamaa yake. Leo nani kati yetu ana ushahidi wa kupitiwa ulio mzito kuliko wa Daudi?

Nitaambiwa kwamba shetani yupo na anajaribu watu. Ni kweli. Lakini Yakobo 1:14 inasema mtu hujaribiwa kwa kuvutwa na tamaa yake mwenyewe. Kushawishiwa si kulazimishwa.

Uzembe huu wa mawazo unaua hata barabarani. Nchini Kenya, eneo la Salgaa katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret limemeza roho nyingi, na wapo walionong'ona kuhusu mapepo. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana huko Migaa, karibu na hapo, watu 36 wakafa. Mteremko ni mrefu, na madereva wa malori walijulikana kwa kutoa gia ili kuokoa mafuta, kisha breki zinawashinda. Dawa yake ni ukuta wa zege kati ya njia mbili, sheria inayofuatwa na dereva anayejali roho za watu. Pepo akishabebeshwa lawama, nani atamuuliza dereva, mwenye lori au serikali?

Basi wachungaji na wazee wa kanisa, msiwasumbue watu kwa misemo ya vijiweni. Ukataeni udhuru huu kwenye vikao vyenu. Anayesema alipitiwa aulizwe: ulichukua shilingi ngapi, utazirudisha lini? Jinai ipelekwe polisi, isimalizwe kwa maombi. Zakayo hakumtaja shetani hata mara moja. Aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Toba isiyomrudishia aliyedhulumiwa haki yake ni maneno matupu, hata ikiambatana na machozi madhabahuni.