JASHO LAKE, KADI YA MWINGINE

Wazee wetu wa Mpanda walijua vizuri neno manamba. Katika siku za mkoloni vijana wa magharibi ya nchi hii walichukuliwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa kwa namba badala ya majina, wakapewa kipande. Nyapara asipotia alama kwenye kipande, siku ile ya kazi ilihesabiwa kuwa haikuwako. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU. Twasema wazi: Uhuru haukupiganiwa ili mambo hayo yarudi juu ya magurudumu mawili.

Tazameni vijiwe vya bodaboda, tangu Mpanda mjini hadi Majimoto. Namba ya pikipiki iko nyuma, yaanza na MC, kila mtu aiona. Lakini jina lililo kwenye kadi si la kijana anayekaa juu yake. Ni la tajiri. Kijana yuko katika kile kiitwacho mkataba: apeleke hesabu kila siku, mwaka ukiisha pikipiki iwe yake. Mkataba wenyewe mara nyingi ni wa mdomo. Elfu saba kwa siku, kwa siku 365, ni shilingi 2,555,000. Hizo amezitoa kwenye vumbi la kiangazi na matope ya masika, akibeba magunia ya mpunga na wagonjwa usiku wa manane.

Siku ya mwisho ikifika, tajiri asema: chukua pikipiki, kadi utapewa. Utapewa lini? Kadi ile ina jina la mwenye mali, namba ya injini na namba ya chasisi, na mbele ya polisi, benki na bima ndiyo inayozungumza. Tajiri akigeuka, kijana hana neno. Tajiri akifa, warithi waihesabu katika mirathi. Mwaka mzima wa jasho wafutika kama alama ya nyapara.

Wako watakaotuambia, ati vijana ni wakimbizi, wakipewa kadi mapema watauza pikipiki Tabora. Nani ameomba kadi mapema? Tajiri na ashike kadi mpaka shilingi ya mwisho. Hiyo ni haki yake, naye ametoa fedha zake. Tunachotaka ni kwamba siku ya shilingi hiyo jina libadilike. Na tajiri mwenye akili angeharakisha kuliko kijana, maana pikipiki iliyokwisha kutoka mikononi mwake ikifanya kosa, jina litakaloanza kutafutwa ni lake.

Kwa Serikali pia tunalo la kusema. Mwaka 2016 ada ya kusajili pikipiki ilipandishwa kutoka shilingi 45,000 hadi 95,000. Mwaka 2017 leseni ya kila mwaka ya vyombo vya moto ilifutwa, mzigo wake ukahamia kwenye mafuta; mwaka 2021 faini ya bodaboda ikapunguzwa kutoka 30,000 hadi 10,000. Hayo mawili tuliyafurahia. Lakini kuhamisha kadi bado ni ada ya uhamisho, ushuru wa stempu na ada ya kadi mpya, na mnyonge aliyemaliza deni jana hana akiba ya hayo leo. Basi huahirisha, na kuahirisha ndiko kunakomnyang'anya.

Ndugu zetu wa Katumba na Mishamo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Waliingia nchini katika miaka ya 1970, wakalima, wakalisha soko la Mpanda, na vyeti vya uraia vyenye majina yao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Hakuna anayejua zaidi yao tofauti ya kukaa na kuandikwa.

Nanyi vijana, acheni uvivu wa karatasi. Namba ya mlipakodi hutolewa bure, na tangu 2012 Katavi ni mkoa wenye makao yake Mpanda. Kisingizio cha safari ya Sumbawanga kimekwisha. Msipokee ufunguo kabla mkataba haujaandikwa mbele ya mtendaji wa kata, ukitaja hesabu, tarehe ya mwisho, na nani atalipa gharama ya kuhamisha. Kila hesabu iandikwe na kutiwa saini. Matawi yetu yatoe mashahidi, na kijana akimaliza deni, mwenyekiti wa tawi afuatane naye na tajiri mpaka dirishani kwa Mamlaka ya Mapato, asiondoke hapo mpaka maombi ya kadi mpya yamepokewa.